Shangazi wa mchumba anasema nyota zetu hazipatani: tusogeze nikaha?

Barua

Asalamu aleikum, ndugu wa safu ya ushauri.

Naitwa Mariamu, mama yangu Fatuma, sisi watu wa Tanga. Nilizaliwa Jumapili, tarehe 23 Oktoba 1994, nyumbani, papa hapa mjini. Mchumba wangu kazaliwa tarehe 5 Agosti 1991. Posa ilishapokelewa, mahari yakakubaliwa, na nikaha ilikuwa ifungwe Mfungo Pili.

Sasa shangazi yake kasimamisha kila kitu. Alikwenda kwa mzee mmoja anayetazamia, akaambiwa mimi ni Nge, nyota ya maji, na mpwa wake ni Simba, nyota ya moto. Kwamba maji yatauzima moto na mume atafilisika. Mzee wa pili akapiga hesabu kwa jina langu na la mama, akasema mimi si Nge, ni Kaa. Nikatazama gazetini, tarehe 23 Oktoba iko kwenye Mizani. Programu ya simu inasema Nge. Nilipomuuliza mama saa niliyozaliwa, akasema anachokumbuka ni kati ya magharibi na isha.

Mzee wa kwanza anataka shilingi 450,000 na nguo yangu moja niliyoivaa ili anisafishie nyota. Mchumba wangu hataki, lakini anamheshimu shangazi yake, ndiye aliyemlea. Yeye anataka tu kuninunulia pete ya kito cha mwezi niliozaliwa, na shangazi anauliza kito gani kama nyota yenyewe haijulikani.

Nyota yangu ni ipi? Tusogeze nikaha? Nilipe?

Msomaji wenu, Tanga

Jibu

Waaleikumu salamu, dada Mariamu.

Nikaha msiisogeze kwa sababu hii, hizo 450,000 usizitoe, na nguo yako usimpe mtu. Tunaanza na hilo ili upumue. Sababu zake tutakupa kwa hesabu, maana shangazi aliyelea mtoto mpaka akafika kuoa hataridhika kuambiwa kwamba mambo haya ni upuuzi, atataka kuonyeshwa.

Kwanza nyota ya tarehe. Njia ya jua angani kwa mwaka mzima imegawanywa vipande 12 sawasawa, kila kimoja nyuzi 30, kuanzia pale jua linapokuwa siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Kutoka hapo huhesabiwa Kondoo (magazeti yetu mengi huandika Punda), Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Mizani inakwisha na Nge inaanza kwenye uzi wa 210. Jua huvuka mstari huo kwa dakika moja maalumu, na dakika hiyo haiwi ileile kila mwaka, kwa kuwa mwaka una siku 365 na karibu saa 5 na dakika 49 za ziada. Kila mwaka mvuko huchelewa kwa karibu saa 6, kisha mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29 huurudisha nyuma.

Kwa saa za Afrika Mashariki, mwaka 1993 jua liliingia Nge tarehe 23 Oktoba yapata saa 6 na nusu mchana. Mwaka 1995 lilivuka baada ya saa 6 usiku, yaani ilikwisha kuwa tarehe 24, kwa hiyo kila aliyezaliwa hapa kwetu tarehe 23 mwaka ule ni Mizani. Mwaka 1996 lilivuka tarehe 23 mapema asubuhi, kwenye saa 12 na robo. Mwaka wako, 1994, lilivuka yapata saa 12:36 jioni. Gazeti lina nafasi ya kuandika tarehe moja tu kwa watu wa miaka yote, ndiyo maana lako linasema hivi na la jirani linasema vile.

Jua la Tanga tarehe hiyo huzama karibu saa 12 na robo jioni, na isha huingia karibu saa 1:25 usiku. Kwa maana hiyo, mvuko wa mwaka ule umeangukia ndani ya muda uleule mama anaoukumbuka, kama dakika 20 baada ya jua kuzama. Kumuuliza mama "saa ngapi" hakutasaidia, kwa sababu nyumbani siku ya uzazi hakuna aliyetazama saa. Muulize mambo yaliyokuwa yakitokea. Adhana ya magharibi ilisikika kabla au baada ya kilio chako cha kwanza? Wanaume walikuwa bado msikitini, au walikwisha kurudi na kupewa habari? Taa ilikuwa imewashwa? Mtafute na mkunga aliyekuzalisha kama yu hai, au jamaa aliyekuwa uani akisubiri. Kama ulilia adhana ikiadhiniwa, wewe ni Mizani. Kama watu walikwisha kutoka msikitini, kuna uwezekano mkubwa ni Nge. Cheti cha kuzaliwa usikitegemee, mara nyingi hakina saa.

Programu ya simu nayo itazame tena. Kosa kubwa la kwetu ni saa za Kiswahili: mtu aliyezaliwa saa 1 usiku anaandika 01:00, ambayo kwa programu ni alfajiri, badala ya 19:00. Saa 12:36 jioni huandikwa 18:36. La pili ni tarehe: programu nyingine hutanguliza mwezi kabla ya siku. La tatu ni ukanda wa saa: Tanzania ni Greenwich kujumlisha 3, na ukiacha sehemu hiyo wazi programu huweza kukuhesabu kwa saa za London. La nne ni mahali: Tanga iko kusini mwa ikweta, nyuzi 5 na kitu, na wengi huacha alama ya kaskazini iliyokuja na programu. Ukikosea moja kati ya haya, unachosomewa si chako.

Utasikia watu wakisema aliyezaliwa mpakani ni nusu Mizani, nusu Nge. Katika hesabu hakuna nusu. Kinachopimwa ni kitovu cha duara la jua, na kitovu kiko upande huu au ule. Wazo hilo limetokana na ukweli kwamba duara lenyewe ni pana kiasi cha nusu uzi, na kwa kuwa jua husogea karibu uzi 1 kwa siku, huchukua kama nusu siku kuumaliza mstari.

Hapa sasa ndipo tunapotaka shangazi asikilize kwa makini. Dakika ile ya saa 12:36 inabadilisha jina la nyota yako. Mahali pa jua haipabadilishi. Uwe ulizaliwa saa 12:20 au saa 1:20, jua lilikuwa palepale, pembeni mwa uzi wa 210, na tofauti yake ni chembe ndogo ya uzi mmoja. Mnajimu aliyejifunza kazi yake hapimi kupatana kwa watu wawili kwa kulinganisha majina ya nyota. Anapima umbali kati ya jua la huyu na jua la yule. Nyuzi 60 huhesabiwa mapatano, nyuzi 90 huhesabiwa mvutano, na wengi huruhusu kuzidi au kupungua nyuzi kama 8. Tarehe 5 Agosti 1991 jua lilikuwa karibu uzi wa 132, katikati ya Simba. Toa 132 kwenye 210, unabaki na nyuzi 78 hivi. Haifiki 82, ambako mvutano ungeanza kuhesabiwa, na imeipita 68, ambako mapatano yangeishia. Kwa kanuni za fani yenyewe, jua lako na la mchumba wako havina uhusiano wowote, wa heri wala wa shari. Yule mzee amechukua neno moto na neno maji akayagonganisha, akaacha kupima.

Tena lipo jambo ambalo dakika hazilisumbui. Fani hii huitazama pia nyota inayochomoza upande wa mashariki wakati mtoto anazaliwa, ambayo wazee wa falaki huiita tali'i. Hiyo hubadilika haraka, nyota moja kwa karibu saa 2. Jua linapozama, kinachochomoza ni upande uliolikabili, na ukikabili mwisho wa Mizani unapata mwisho wa Kondoo. Dakika chache baada ya hapo, Ng'ombe imeanza kupanda, na inaendelea kupanda mpaka isha ipite. Basi ukiwa kweli ulizaliwa kati ya magharibi na isha, tali'i yako ni Ng'ombe, isipokuwa kama ulizaliwa jua likiwa ndiyo linazama. Ng'ombe ni nyota ya udongo. Mzee aliyesisitiza maji na moto hakulitaja hili.

Mtu akikupeleka kwa mtaalamu wa Kihindi, na wapo pwani yetu yote, jina litabadilika tena. Wao huanza hesabu kwenye nyota zenyewe za angani, na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole, uzi 1 kwa karibu miaka 72, hesabu hizo mbili zimeachana kwa karibu nyuzi 24. Kwao wewe ni Mizani bila ubishi wa dakika. Na kwa ndoa hawatumii jua kabisa: hutumia mwezi wa angani, wakajumlisha alama hadi 36, na 18 huonwa kuwa kiwango cha chini cha kukubalika.

Tuje kwa mzee wa pili. Hesabu ya jina ni ya zamani pwani, ina kanuni zake, na haina uhusiano wowote na siku uliyozaliwa. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani kwa mpango wa abjadi: alifu 1, bee 2, jimu 3, na kuendelea mpaka ghaini 1000. Hujumlishwa jina lako na la mama, jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota: 1 Kondoo, 2 Ng'ombe, mpaka 11 Ndoo, kisipobaki kitu ni Samaki. Tulipige lako. Mariamu kwa maandishi ya Maryam ni mimu 40, ree 200, yee 10, mimu 40, jumla 290. Fatuma ni fee 80, alifu 1, twaa 9, mimu 40, na ile tee ya mviringo ya mwishoni ikihesabiwa kama hee ni 5, jumla 135. Zote pamoja 425. Ondoa 420, ambayo ni 12 mara 35, inabaki 5. Wewe ni Simba, sawa na mchumba wako!

Mbona basi mzee kapata Kaa? Inaelekea alihesabu ile tee ya mwisho kama tee kamili, 400. Hapo jumla inakuwa 820, ukiondoa 816 inabaki 4, na 4 ni Kaa. Angeliandika jina lako kwa alifu, kama linavyotamkwa Kiswahili, Mariamu ingekuwa 291, na kwa 135 ya mama yako jumla ni 426, inabaki 6, Mashuke. Nyota tatu kwa majina yaleyale mawili, kutegemea mkono ulioshika kalamu. Mchumba wako amwombe mzee aiandike hesabu yake kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na shangazi akiwapo. Akisimama hapo kwa adabu na kuuliza tu kwa nini tee imepewa 400 na si 5, mazungumzo yatakuwa na sura nyingine.

Kuhusu ndoa yenyewe, jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2007, David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alitumia sensa ya 2001 ya England na Wales, akalinganisha tarehe za kuzaliwa za mume na mke katika ndoa zaidi ya milioni 10. Kama nyota fulani zingevutana hata kwa wachache, idadi kubwa hivyo ingelionyesha. Hakuona nyota yoyote iliyopendelea wala kuikimbia nyingine. Kiziada kidogo alichokuta, cha wanandoa wenye tarehe moja au mwezi mmoja, kilielezeka kwa makosa ya kujaza fomu, mtu akiandika tarehe yake pia kwa mwenzake. Kabla ya hapo, mwaka 1985, jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati ya mtu, yaani ramani ya anga ya saa aliyozaliwa, pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa lake, wachague lipi. Walipata sawa na anayebahatisha, theluthi moja. Nasi tunaamini matokeo hayo. Nyota zina historia na uzuri wake, na kujua yako hakuna ubaya, lakini hazijawahi kuonyesha ndoa ipi itasimama.

Sasa zile 450,000. Katika hesabu zote tulizopitia, za tarehe, za Kihindi na za abjadi, hakuna mahali nyota inapochafuka. Kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Ni biashara iliyopachikwa juu ya fani, na mwendo wake unajulikana: kwanza hofu ya kifo au ufukara, kisha kiasi cha fedha ambacho familia inaweza kukikusanya kwa taabu, kisha kitu cha mwilini mwako, nguo au picha, ili ukikataa baadaye uogope kukiacha mikononi mwake. Ukilipa, mara nyingi huambiwa kazi imefunga, iongezwe. Kama kuna fedha imekwisha kutumwa kwa simu, weka ujumbe wa muamala na ujumbe wowote wa vitisho, usifute kitu. Akitishia, nenda polisi na hizo rekodi mkononi.

Kwa shangazi usiende wewe. Bibi harusi mtarajiwa akibishana na shangazi wa mume kabla ya nikaha, neno lake hukumbukwa miaka mingi. Aende mchumba wako mwenyewe kwanza, peke yake, amwambie kwamba anashukuru kwa kumjali na kwamba ameamua kuoa. Kisha mshenga aliyepeleka posa aende na karatasi ya hesabu, ile ya nyuzi 78 na ile ya 425, amsomee taratibu. Akiwa mtu wa dini, imamu wa msikiti wenu naye aombwe aseme. Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha falaki ya nyakati za sala na kibla na ile ya kutabiria watu, na hii ya pili wanaikataza. Neno hilo likitoka kwake lina uzito kuliko likitoka kwako.

Na kwa kuwa shangazi anataka uhakika kabla ya ndoa, mpeni uhakika uliopo. Nendeni hospitali wote wawili mkapime selimundu, VVU na homa ya ini aina ya B. Selimundu msiiruke, vinasaba vyake viko kwa watu wengi pwani, na mwenye AS, yaani aliyerithi kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo, haumwi, kwa hiyo hajui. Mkiwa AS nyote wawili, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuleta mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Mwambieni mhudumu mnataka kupima aina ya himoglobini, maana kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakionyeshi hilo. Majibu hayo ndiyo yanayoweza kuhitaji mazungumzo marefu kati yenu na daktari.

La pete ni jepesi. Vito vya kuzaliwa vinavyouzwa madukani vinafuata mwezi wa kalenda, havifuati nyota, kwa hiyo ubishi wa Mizani na Nge haukigusi kito chako: wewe ni wa Oktoba. Orodha inayotumika ilipangwa na wauza vito wa Marekani mjini Kansas City mwaka 1912, na huongezwa mara kwa mara. Tanzanaiti ya Mererani iliingizwa mwaka 2002 kwa mwezi wa Desemba. Oktoba ina viwili, opali na turmalini. Opali ni nzuri sana machoni lakini ni laini, 5.5 hadi 6.5 kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, na ina maji ndani yake, hivyo joto kali la ghafla au ukavu huweza kuipasua. Kwa pete ya mwanamke anayefua na kupika kila siku, mwambie achukue turmalini, 7 hadi 7.5. Ya kijani kibichi huchimbwa kaskazini mwa nchi yetu. Azingatie kito kishikwe kwa ukingo mzima wa dhahabu au fedha kukizunguka, maana vijino vinne hunasa kwenye nguo, na adai risiti inayotaja jina la kito na uzito wake kwa karati.